Darasa la jioni la maneno ya tiba, Kisumu: uzoefu wangu

Nimemaliza kozi fupi ya maneno ya tiba inayofundishwa jioni karibu na Kondele. Wenzangu wengi tunaosoma nao uuguzi hapa Kisumu wananiuliza kama inastahili karo yake. Inastahili, hasa kwa namna wanavyofundisha milalo ya mgonjwa.

Tulikozoea, "supine" huandikwa ubaoni na kando yake "chali", "prone" na kando yake "kifudifudi", nawe unakariri hadi mtihani upite. Hapa mwalimu alitandika godoro sakafuni, akamwomba mwenzetu mmoja alale, akawa anamgeuza huku akitaja mzizi wa Kilatini. Uso juu, supinus. Uso chini, pronus, yaani aliyeinama mbele. Halafu akamwinua, akamshika mkono peke yake na kuugeuza: kiganja juu, kiganja chini, na jozi ileile ikajitokeza tena katika "supination" na "pronation". Hata msuli wa mkononi unaoitwa supinator ukajieleza wenyewe.

Kilichonikaa zaidi ni ukoo wa cubare na cumbere, kulala. Warumi wenye nafasi zao walikula karamu wakiwa wameegemea kiwiko cha kushoto, mkono wa kulia ukichukua chakula. Kiwiko walikiita cubitum, na ndiko lilikotoka "cubit" la Kiingereza, kile kipimo ambacho sisi tunakiita dhiraa. Kutoka hapo "recumbent", yaani aliyelala, haikusumbui tena. Ukiona "left lateral decubitus" kwenye fomu ya eksirei unajua mgonjwa atalala ubavu wa kushoto, maana latus ni ubavu. Vidonda vya mgandamizo vinavyoitwa "decubitus ulcers" navyo vinabeba chanzo chao katika jina: mtu amelala mahali pamoja mno bila kugeuzwa. Hata "incumbent", yaani aliye madarakani, tunayemsikia kila msimu wa uchaguzi ni wa ukoo huu. Asili yake ni kuegemea juu ya kitu.

Wapo wanaouliza Kilatini ni cha nini wodini. Mjamzito wa miezi ya mwisho akilazwa chali, uzito wa mimba unaweza kuubana mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo, na presha ikashuka. Ndiyo maana tunamlaza ubavu wa kushoto. Tena utafiti wa PROSEVA, uliofanywa zaidi Ufaransa na kuchapishwa 2013, ulihusu wagonjwa ambao mapafu yao yalikuwa yameshindwa vibaya na wanapumua kwa mashine. Waliolazwa kifudifudi angalau saa 16 mfululizo kila mara, vifo vyao ndani ya siku 28 vilikuwa asilimia 16. Kwa waliobaki chali vilikuwa 32.8. Mlalo ni tiba, na anayesoma faili lazima alijue neno bila kubahatisha.

Kasoro zipo. Nakala tulizopewa zilikuwa zimefifia, na mojawapo iliweka "orthopnea" kati ya maneno ya Kilatini, ilhali ni la Kigiriki: orthos ni wima, pnoia ni pumzi, kwa mgonjwa asiyeweza kupumua vizuri mpaka aketi. Milalo ya Trendelenburg na Fowler ilitajwa kwa mkumbo huohuo, na hayo ni majina ya madaktari wa upasuaji, Mjerumani na Mmarekani. Kisha sedere, kukaa, na stare, kusimama, zilipitishwa haraka mno. Ningependa zipewe jioni nzima, kwa kuwa "sedentary", yaani wa kukaa tu bila kujishughulisha, ni neno tunaloliandika kila siku kwa wagonjwa wa kisukari na presha.

Kwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa uuguzi, tiba ya viungo au ukliniki, ningesema ajiandikishe kabla ya kupelekwa wodini. Aliyeshazoea kazi atanufaika zaidi na ule ukoo wa kulala kuliko sehemu nyingine. Masomo huisha giza limeingia, lakini matatu za mjini na za Mamboleo hupatikana pale Kondele.