Beetle au Peugeot 504: gari la zamani kwa mfuko mdogo

Zote mbili zimewahi kushinda Safari Rally, Beetle ya Volkswagen mwaka 1962 na 504 mwaka 1975, kwa hiyo ugumu si hoja.

Kwa matunzo, Beetle inaongoza. Haina rejeta, injini inapozwa kwa hewa, na kurekebisha valvu kila kilomita 5,000 hivi ni kazi ya spana chache. Ila mkanda wa feni inayopuliza hewa hiyo ukikatika, simama papo hapo. Adui wake mkubwa ni kutu. Kabla hujalipa hata shilingi, inua kiti cha nyuma: betri inakaa hapo, na tindikali yake hula sakafu taratibu chini ya zulia jipya. Kuchomelea sakafu kunaweza kumaliza akiba yako yote.

Kwa mashimo na mizigo, 504 haina mpinzani. Springi zake laini ni raha tupu, na ile ya familia ina safu tatu za viti. Lakini kagua rejeta na gasketi ya silinda hedi, yaani kizibo kilicho kati ya kichwa cha injini na bloku yake.

Unaishi mjini na unapenda kushika spana? Chukua Beetle. Unasafiri shamba na watoto? 504, mradi fundi anayeijua yuko karibu.