Fundi wa michoro ya ukutani, Kirumba: chura wake nimemkubali, rangi nina neno nayo

Wenye shule za chekechea mnaotafuta fundi wa kuchora ukutani hapa Mwanza, huyu wa kwetu Kirumba ana mkono. Nilimpa kazi ya kumchora yule chura wa mtini mwenye macho mekundu, wa misitu ya mvua kule Amerika ya Kati, kuanzia kusini mwa Meksiko. Wa hapa, wa rangi ya tope, watoto wanamwona kila mvua ikinyesha karibu na Mto Mirongo.

Kilichonifurahisha ni jicho. Wengine wangeweka duara jekundu na nukta nyeusi katikati, basi. Huyu aliivuta picha kwenye simu, akaona mboni imesimama wima kama ya paka, akaichora kwa brashi nyembamba huku kaziba pumzi. Ubavuni hakulipua: buluu imekolea, michirizi ya njano imeshuka mmoja mmoja. Vidole vya rangi ya chungwa, kila ncha na kiduara chake cha kunatia kwenye majani.

Amemchora mkubwa kuliko mtoto wa darasa la awali, wakati jike halisi hufika sentimita 7 hivi. Nikamwambia aongeze mwingine pembeni, wa saizi yake, amelala. Mchana hukunja miguu na kufumba macho, buluu na chungwa vyote vinafichika, anabaki kijani kitupu juu ya jani.

“Sasa madam, hapo nichore chura au nichore jani?”

Akachora. Siku hizi mgeni akiingia, watoto wanagombania nani amwoneshe aliyejificha. Mmoja ameniuliza kama huwa anaamka tukishafunga shule. Nikamwambia ndiyo, usiku ndio muda wake wa kutafuta wadudu.

Sasa rangi. Alitaka laki na nusu pamoja na vifaa, tukaishia laki na ishirini, makubaliano rangi ya mafuta. Juu kaweka ya mafuta kweli, chini kamalizia na ya maji. Kwa mikono ya watoto na kitambaa cha deki, vidole vya chungwa vikaanza kuchuja. Kumpigia, “nakuja kesho” zikawa nyingi, ila alikuja, akarudia bila kuongeza hela.

Nyota nne. Rangi nunueni wenyewe, mkamkabidhi kopo mkononi. Na aje Jumamosi, maana watoto wakiwepo atashinda anajibu maswali badala ya kuchora.