Studio ilimpendezesha babu, ikamfutia kifaru begani

Nyota tatu kati ya tano, na mojawapo ni ya kijana wa skana peke yake.

Picha ya babu ilikaa miaka mingi ndani ya bahasha ya kaki kwa shangazi, Machakos. Amevaa kofia pana ya jeshi, ukingo umekunjwa upande mmoja, na begani ana kiraka kisichosomeka. Nyumbani tumekua tukiambiwa alikuwa KAR (King's African Rifles, jeshi la Waingereza la askari Waafrika), alipigana Burma, Myanmar ya leo. KAR ipi? Batalioni zilikuwa nyingi. Nishani yake ya Burma Star haikusaidia, maana nyota za Vita vya Pili zilitolewa na Uingereza bila jina la askari. Zile za Vita vya Kwanza ndizo zilizochongwa jina, upande wa nyuma.

Nikaipeleka studio moja ya ghorofani, si mbali na River Road, Nairobi. Kuskani shilingi 300, kurekebisha na kutia rangi 1,500. Nikalipia vyote kwa pamoja, na hapo ndipo nilipokosea. Siku mbili baadaye nikapokea kwa WhatsApp babu mpya: ngozi laini kama mtangazaji wa televisheni, na begani, palipokuwa na kiraka, kitu kama ua la waridi. Programu ilipokwama ilibuni. Herufi za shaba zilizokuwa juu ya bega zimegeuka mstari wa dhahabu. Shangazi aliipenda, akaiweka status siku hiyo hiyo. Mimi nikapanda ngazi tena.

Nisiwaonee, hawakubishana. Yule kijana aliskani upya kwa nukta 1,200 kwa inchi, bila kusafisha chochote, tukalikuza bega hadi likajaa kioo kizima. Pembe hizo hapo! Kichwa cha kifaru, alama ya Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyopita bonde la Kabaw mwaka 1944 kwenye mvua na matope hadi mto Chindwin. Basi Burma haikuwa chumvi ya mzee.

Ila kifaru hataji kikosi. Alivaliwa na divisheni nzima, askari wa Kenya, Uganda, Tanganyika, Nyasaland, hata wa Rhodesia ya Kaskazini. Tukahamia kwenye herufi. Nilitegemea tatu, K, A, R. Zilikuwa tano: E, A, A, kisha ukungu, kisha C. Ukungu ukiwa M, ni East African Army Medical Corps, watu wa matibabu. Ukiwa S, ni Army Service Corps, watu wa malori na mizigo. Kijana akageuza weusi kuwa weupe, akacheza na mwanga robo saa nzima wakati wateja wa picha za pasipoti wanaguna nyuma yetu. S.

Ukienda, omba kwanza skani isiyoguswa, mbele na nyuma. Nyuma hawaskani mpaka useme. Rangi iwe ya mwisho, kwa ajili ya ukutani.

Nilimpigia shangazi nikiwa bado kwenye ngazi. Alinyamaza kidogo, kisha akacheka. "Kumbe dereva! Ndiyo maana kila tukipanda matatu alikuwa anagombana na watu kuhusu klachi."

Ile ya waridi bado iko kwenye status yake.