Dawa ya meno ya Duraphat 5000 baada ya kukata tumbo: uzoefu wangu, na mi mtoto wa Maji ya Chai, Arusha

Naanza na nyota kabisa ili mwenye haraka zake aende, 4 kati ya 5. Hiyo moja nimeikata sababu ya masaa yake, mtanielewa huko mbele.

Nilifanya slivu Istanbul, ile wanakata tumbo wanatoa kama asilimia 80 linabaki jembamba kama ndizi. Kilo zimeondoka, presha imetulia, goti haliniumi, hapo sina neno. Ila yale makaratasi waliyonipa wakati natoka yalikuwa na kila kitu, protini, vitamini, kutembea, kufunga mkanda kwenye ndege, meno hamna hata mstari mmoja. Na wale tunaobeba boksi huku Uingereza wengi tunaenda Uturuki sababu foleni ya hapa ni ndefu mno, ukirudi unajitegemea, kwahiyo mwenye mpango huo asome hapa vizuri.

Kilichonila meno ni kiungulia. Slivu inajulikana kwa hilo, tumbo likiwa jembamba presha ya ndani inapanda na asidi inapanda nayo, hasa ukilala. Usiku nilikuwa nacheua maji machungu mpaka naamka nakohoa, na miezi ya mwanzo ukila haraka au ukizidisha hata kijiko kimoja unatapika, hakuna mjadala. Weka na hii, tunakula kidogo kidogo mara nyingi, na kila ukila kitu chenye wanga au sukari bakteria wa mdomoni wanatengeneza asidi, mate yanahitaji kama nusu saa kuipoza, sasa we kabla nusu saa haijaisha ushatia kitu kingine. Maji hatunywi pamoja na chakula kwahiyo mabaki yanakaa tu mdomoni. Halafu zile kalsiamu za kutafuna zenye sukari zinaganda kwenye magego balaa, mi nimeshahamia za kumeza.

Ikaanza ganzi. Maji baridi nilikuwa nayapitisha pembeni ya mdomo, baadae hata upepo wa asubuhi nikiwa kituoni nasubiri basi lazima nifunge mdomo. Daktari wa meno (kumpata wa NHS, yaani wa huduma ya afya ya serikali, hapa Birmingham ni stori ya siku nyingine) akaingiza kile kioo kidogo nyuma ya meno ya juu ya mbele, akanipa kioo kingine nishike mwenyewe nione. Aisee. Kwa nyuma pamelika, pamebonyea, panateleza kama hapajawahi kuwa na enameli, lile ganda gumu la juu la jino, na katikati rangi ya njano inachungulia, ile ni dentini, tabaka la jino lililo chini ya enameli. Ncha zake zimekuwa nyembamba mpaka mwanga unapita. Lakini kwa mbele meno yako vilevile na madoa yake ya kahawia ya nyumbani, nikicheka na wewe huwezi kujua lolote. Kitu cha kwanza alichouliza, kabla hata sijasema nimefanyiwa nini, ni kama natapika. Sehemu ile ya nyuma huwa inalika hivyo kwa watu wanaotapika au wenye asidi inayopanda.

Akaniandikia Duraphat 5000. Sasa hapa ndo kasheshe.

Mtu wa Arusha ukimtajia floraidi, yale madini ya kwenye maji na dawa za meno, unamtajia adui. Kwetu Arumeru kuna vyanzo vya maji vina miligramu zaidi ya 10 kwa lita, wakati WHO, Shirika la Afya Duniani, wanasema isizidi 1.5, na hayo meno ya kahawia mnayotutania nayo yametoka humo. Nikampigia mama kumwambia nimepewa dawa ya meno ya floraidi kali, akanyamaza kwanza, halafu: "Mwanangu, si ndo hiyo iliyotuharibia ukoo mzima? Na hela umetoa?" Nimetoa mama, paundi 9.90.

Nikarudi kwa daktari na swali la mama. Jibu lake ni kwamba yale madoa yanaingia utotoni wakati jino bado linatengenezwa ndani ya fizi na we unakunywa hayo maji kila siku. Jino la mtu mzima limeshamaliza kutengenezwa, halibadiliki tena rangi kwa hilo, floraidi ya kupaka inafanya kazi juu juu, inasaidia madini yarudi kwenye enameli iliyobaki na kuifanya iwe ngumu kidogo kwa asidi. Na unatema, humezi. Akanichekesha pia kwamba maji ya bomba ya Birmingham nayo wanayatia floraidi makusudi tangu 1964, ila kama miligramu 1 tu kwa lita. Nikampelekea mama majibu, akasema sawa ila usimeze, ambayo ndo maelekezo yenyewe.

Dawa sasa. Dawa ya meno ya kawaida ya watu wazima ina floraidi ppm (sehemu kwa milioni) 1350 mpaka 1500, hii ni 5000. Tyubu ni gramu 51, ndogo, inaisha upesi. Unapiga mswaki mara 3 kwa siku baada ya kula, dakika kama 3, unatema povu, husukutui, na hauli wala haunywi kitu nusu saa.

Hiyo nusu saa ndo nyota yangu iliyopotea. Mtu wa slivu siku nzima anatakiwa apige mafunda madogo ya maji, usipofanya hivyo unakaukiwa, halafu nusu saa baada ya kula huruhusiwi kunywa. Sasa ongeza nusu saa ya dawa ya meno. Na ukitapika husugui muda huo huo, maana enameli imelainika na mswaki unaiondoa, unasukutua maji yenye bekingi soda kidogo unasubiri saa zima. Mi nafanya shifti za usiku nyumba ya wazee, kuna siku nilikuwa najiuliza hivi ninywe, nile, nisugue au nisubiri. Mwisho nimetulia hivi, mswaki mara tu baada ya chakula, ile nusu saa ya kutokunywa inahudumia vyote viwili. Ya usiku ndo sichezi nayo, nikishasugua siweki kitu tena mdomoni, hata kidonge nakuwa nimeshakimeza kabla.

Matokeo ni kwamba ganzi imepungua sana, maji ya friji nakunywa. Na chekapu ya juzi daktari kasema hapajaendelea kulika. Ila sitaipa dawa sifa zote, GP (daktari wangu wa kawaida) alinipa omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi ya tumbo, na nimeinua kitanda upande wa kichwa, asidi ya usiku imepungua, bila hivyo naona ningekuwa napaka huku inayeyushwa huku. Enameli iliyokwisha hairudi, wasikudanganye. Na haing'arishi, madoa yangu ya Maji ya Chai yapo palepale kwa hiyo anayetaka meno meupe apite.

Mwenye watoto aifiche, ni ya kuanzia miaka 16, na kwetu kule ambako mtoto anakunywa floraidi kwenye maji usithubutu kabisa kuiacha bafuni.

Na mashosti wa "nitumie tyubu mbili na mgeni anayekuja", hapa haiuzwi tu dukani, inaandikwa kwa jina la mtu. Nendeni kwa daktari wa meno hapo hapo mlipo, mwambieni mmekata tumbo, mfungue mdomo aangalie nyuma ya yale ya juu.