TAHADHARI: Chennai wanauza seti za mapambo ya "temple" (mtindo wa hekaluni) za fedha kama dhahabu ya karati 22

Jamani naomba mnisome mpaka mwisho, hasa nyie mlioko Chennai, Bangalore na Hyderabad, wanafunzi, mnaouguza wagonjwa huku, mlioolewa huku kama mimi, na nyie mnaoagizia watu dhahabu ya harusi kutoka India. Tumepigwa laki tatu na nusu za rupia na sitaki mwingine apigwe kwa njia hii hii.

Wifi yangu aliolewa mwaka 2024 mwezi wa Aavani, ule wa Kitamil unaoanza katikati ya Agosti. Kabla yake kuna Aadi, na Aadi huku hawafungi ndoa, ndo mwezi wa kuhangaika na maandalizi. Sasa tarehe 23 Julai serikali ikashusha ushuru wa kuingiza dhahabu kutoka asilimia 15 mpaka 6, bei ikaporomoka ndani ya siku chache, gramu ya karati 22 ikawa kama rupia 6,400 na kitu, basi T. Nagar kule Usman Road pakawa hapakanyagiki, kila mwenye binti yuko kwa sonara. Hapo hapo ndo akatokea huyu muuzaji kwenye grupu moja la WhatsApp la kina mama, anasema yeye ni wa ukoo wa masonara, hana duka, anatengeneza nyumbani, kwa hiyo hatozi ufundi wala ile wanayoita wastage, malipo ya dhahabu inayopotea wakati wa kutengeneza, gramu anatoa 5,500.

Kwa wasiojua, bibi harusi wa Kitamil anavaa vitu vingi. Nethi chutti kwenye mstari wa nywele, jua na mwezi pembeni ya kichwa, jimikki masikioni, addigai ya kubana shingo, haram ndefu inayoshuka mpaka tumboni, vanki kwenye mkono wa juu, oddiyanam kiunoni. Mama mkwe alitaka kasu malai, ule mkufu wa sarafu za Lakshmi, mungu wao wa utajiri, zilizopangana, anasema ndo mali, siku ya shida unauza hata sarafu mojamoja. Wifi yeye alitaka haram ya nakshi, ile ya sanamu za miungu zilizochongwa na mawe mekundu ya kemp, ndo fasheni sasa hivi na picha inatoka vizuri. Mimi nilimuunga mkono wifi. Nasema wazi kwa sababu mama mkwe alikuwa sahihi.

Haya sasa shikeni hapa maana hapa ndo wizi ulipo. Mapambo ya "temple", kama hiyo haram ya nakshi, yako ya aina mbili na zote mbili ni halali. Kuna ya dhahabu kweli, ya maharusi. Halafu kuna ya Vadasery, kule Nagercoil kusini kabisa, mafundi wa pale tangu zamani wanatengeneza kwa fedha, wanafunika kwa karatasi nyembamba ya dhahabu na kupachika mawe mekundu na ya kijani, ni mapambo ya sanamu za hekaluni na ya wacheza ngoma ya Bharatanatyam. Ni kazi nzuri sana na ina ulinzi wa serikali wa jina la asili yake, wala mafundi wale hawamdanganyi mtu, wanakuambia ni fedha. Tapeli anachofanya ni kuchukua kazi ya namna hii na kukuuzia kama dhahabu tupu ya karati 22. Kwenye picha huoni tofauti. Hata mkononi mimi sikuona.

Tukakubaliana haram ya gramu 64, yaani pavan 8, maana huku wanahesabu kwa pavan na pavan moja ni gramu 8. Jumla 352,000. Akasema tumlipe keshi mara mbili, 176,000 siku moja na 176,000 siku ya pili, ili eti "tusisumbuliwe na kodi". Hapo ndo tungeshtuka. Sheria ya India inakataza mtu kupokea keshi ya laki mbili au zaidi kwa biashara moja, na kuigawa siku mbili hakuihalalishi. Na ukinunua dhahabu ya zaidi ya laki mbili lazima utoe namba yako ya kodi, ile PAN. Huyu hakuuliza PAN, hakutoa risiti, kodi ya asilimia 3 hakuitaja. Sisi tukaona tumeokoa hela.

Muhuri ulikuwepo, ndo kilichotumaliza. Nyuma ya kifungio pamechapwa ile alama ya pembetatu ya BIS, shirika la viwango la India, 22K916, na namba ya herufi na tarakimu zilizochanganywa, jumla sita. Hiyo namba inaitwa HUID, na toka tarehe 1 Aprili 2023 sonara haruhusiwi kuuza pambo la dhahabu lenye muhuri bila hiyo. Tukaona alama zote tatu zipo tukaridhika, na akatuonyesha na karatasi ya mashine inasema 91.6, yaani asilimia 91.6 ni dhahabu, ndo karati 22. Ile mashine inapiga mionzi juu juu tu jamani, ikikutana na ngozi ya dhahabu inasoma ngozi.

Siku nne kabla ya harusi mjomba wa mume wangu akafika kutoka Madurai, mzee amefanya kazi benki miaka mingi, kashika ile haram akainyanyua mara mbili akauliza "mawe yana uzito gani?" Hakuna aliyejua. Akafungua simu, kuna programu ya serikali inaitwa BIS Care, ni bure, ukiweka HUID inakutolea pambo ni la aina gani, karati ngapi, limepimwa kituo gani na sonara aliyesajiliwa ni nani. Ikatoa: pete. Namba ilikuwa halisi kabisa ila ni ya pete ya mtu mwingine huko, wameinakili wakaichapa kwenye haram yetu. Kwa hiyo msiishie kuona namba ipo, wala msiishie kuona programu imesema ni karati 22, someni na jina la pambo!

Tukaipeleka kituo cha kupima. Mjomba akawaambia wakate kipande, mama mkwe akafumba macho. Ndani ni fedha, na matumbo ya zile sanamu yamejazwa nta. Mawe ni vioo. Uzito wa gramu 64 ulikuwa fedha, nta na vioo, vyote tumevilipia bei ya dhahabu.

Muuzaji tulipompigia alikuwa mpole sana mwanzoni, eti vitu vya temple havihitaji muhuri kwa sheria kama kundan. Huo ni uongo uliokaa juu ya ukweli kidogo. Kundan, polki na jadau, mitindo maalumu ya kupachika mawe, ndo zimesamehewa, na vitu vya chini ya gramu 2 kama kipini cha puani. Haram ya karati 22 kama hii haimo humo. Na kama haihitaji muhuri, huo wa kwake kauchapa wa nini? Baada ya hapo katublock wote, hata grupu katoka.

Polisi wamepokea malalamiko ila cha kwanza walichouliza ni risiti. Hatuna. Angekuwa sonara aliyesajiliwa na tuna risiti, sheria inampa mnunuzi fidia mara mbili ya tofauti ya usafi uliopungua pamoja na gharama ya kupima. Sisi tumebaki na meseji za WhatsApp tu. Kama yamekukuta, piga 1915 ya walaji, na kama ulilipa kwa simu piga 1930 haraka kabla hela haijahamishwa.

Nawaomba mnaponunua nakshi au kitu chochote chenye mawe mdai risiti iandike uzito wote na uzito wa dhahabu peke yake, mbalimbali, na ufundi wake asilimia ngapi. Hata duka halali, mawe na nta vikijumlishwa kwenye uzito unaumia. Manga malai, ule mkufu wa maembe, umejaa mawe kuliko yote kwa hiyo hapo kuweni macho zaidi. Kasu malai ni rahisi kukagua maana sarafu ni bapa. Na oddiyanam kama hela haitoshi chukueni ya fedha iliyochovywa au mkodishe, familia nyingi huku zinafanya hivyo, ila mnunue mkijua ni fedha na mlipe bei ya fedha.

Huyu mtu simtaji hapa kwa sababu jina alilotumia naamini ni la uongo, na picha za seti nimeambiwa zimeonekana tena kwenye grupu lingine la wanafunzi wiki iliyopita, zile zile, haram ya Lakshmi katikati na tausi wawili pembeni, gramu bila ufundi. Mkiiona msitume hata advansi ya rupia moja.

Wifi aliolewa na kasu malai ya mama yake, aliivua shingoni asubuhi ile ile akamvalisha.