Mkebe wa Helix Oxford kwenye kazi ya kujenga lango la Stargate

Mkebe wa hesabu wa Helix Oxford unatosha kujengea lango la Stargate la alama zote 39, hata likiwa na upana wa zaidi ya mita moja. Nasema hivyo baada ya kuutumia kazi nzima, nikiwa na karatasi ya hadibodi, ufito wa mbao, msumari na kikokotoo cha simu. Ila kifaa kilichobeba kazi si kile ambacho wengi wangekikimbilia. Wengi wangeshika kipimapembe. Kwenye lango hili, kipimapembe kibaki ndani ya mkebe. Shika bikari.

Kwa ambaye hajaliona: filamu ilitoka 1994 na tamthilia ya SG-1 ikaanza 1997. Lango ni pete kubwa inayounganisha sayari na sayari. Kwenye pete ya ndani kuna alama 39, ambazo 38 ni makundi ya nyota na moja ni ya mahali unapoondokea. Pete ya nje ina shevroni 9, zile kabari zinazowaka alama inapofungwa. Anwani ya kawaida ni alama sita za unakokwenda, na ya saba ni ya ulipo. Ukizipanga sita tofauti kutoka zile 38 unapata anwani 1,987,690,320, karibu bilioni mbili. Napenda sana kwamba hadithi yote inasimama juu ya hesabu unayoweza kuifanya mwenyewe mezani.

Mimi ni fundi wa mabango, kwa hiyo kuchora duara si shida. Shida ni kuligawa. Mduara una nyuzi 360, na 360 kwa 39 ni 9.23 na vipande visivyoisha. Kipimapembe cha mkebe kina mistari ya uzi mmoja mmoja. Ukisema utumie nyuzi 9 kila alama, ukifika ya 39 umetumia nyuzi 351 tu, na mbele yako kuna pengo la nyuzi 9. Pengo hilo linatosha alama nzima nyingine! Ukitazama picha za malango ya mashabiki, utayaona mengine yana nafasi moja ya ajabu chini, imefunikwa na ngazi au kitambaa. Pengo kama hilo ndivyo linavyozaliwa.

Hata ukijaribu kukisia ile robo ya uzi, kifaa chenyewe ni kidogo. Umbali wa sentimita 5 kutoka kitovu, uzi mmoja ni chini kidogo ya milimita moja. Ukiupeleka hadi sentimita 50, ambapo alama zangu zimekaa, uzi huohuo ni karibu milimita 9. Nusu ya uzi ukikosea pale katikati, huku pembeni umekosa zaidi ya milimita 4, na jicho linaona.

Na usidhani wazee wa jiometri wana njia ya mkato. Mwanahisabati Gauss alionyesha mwaka 1796 kwamba umbo la pande 17 zilizo sawa linachoreka kwa rula na bikari peke yake. Mwaka 1837 mwanahisabati mwingine, Wantzel, akathibitisha ni yapi hayachoreki, na 9 imo, 13 imo, na 39 ambayo ni 13 mara tatu imo vilevile. Yaani shevroni hazichoreki kwa njia hiyo safi, na alama hazichoreki. Sijui lango lingine la kubuni lililobeba namba mbili ngumu namna hii kwa pamoja, na kwangu hiyo ndiyo sababu ya kutaka kulijenga vizuri.

Kinachookoa ni ile 3. Namba 39 na 9 zote zinagawanyika kwa 3, na theluthi ya duara inachoreka kwa usahihi kabisa. Toboa ufito sehemu mbili zilizoachana sentimita 50, upande mmoja msumari, upande wa pili penseli. Zungusha upate duara. Usiguse kipimo. Sasa weka msumari juu ya mstari wa duara na upige hatua kwa ufito huohuo. Hatua sita zitakurudisha ulipoanzia. Ruka nukta moja moja, unabaki na nukta tatu. Kila theluthi itabeba alama 13 na shevroni 3. Kosa lolote dogo utakalofanya linaishia ndani ya theluthi yake, halisambai duara zima.

Hapo ndipo bikari ya Helix inapoingia, nami nataka kuisifu kwa kirefu. Umbali ulionyooka kutoka alama hadi alama ni nusukipenyo mara mbili, mara sayini ya nyuzi 180 gawanya kwa 39. Kwa nusukipenyo cha sentimita 50 inakuja milimita 80.5. Ni upana ambao bikari ya shule inaufungua bila kujitanua. Unaifungua kwa rula, unaanza kwenye moja ya zile nukta tatu, unatembea hatua 13, na inapaswa kutua kwenye nukta inayofuata. Isipotua, ukapungukiwa na milimita 3 kwa mfano, gawa hizo 3 kwa 13 na uifungue bikari zaidi kwa kiasi hicho. Ni kama robo ya milimita. Unaifanya kwa kidole, taratibu, unatembea upya.

Kwa kazi hiyo unahitaji kiungo cha bikari kilichokaza. Hii ya Helix inakaa ilipowekwa. Nilikuwa na mkebe mwingine, wa bei chini na bila jina la maana, ambao bikari yake ilikuwa inalegea katikati ya safari: hatua ya kwanza na ya kumi hazikuwa sawa, na huwezi kujua kosa limeanzia wapi. Ukikadiria 80 badala ya 80.5, duara zima linapungua karibu milimita 18. Bikari inayolegea inakufanyia hivyohivyo bila kukuambia. Mkebe wa Helix bei yake iko juu ya ile isiyo na jina, na tofauti yote ya pesa mimi naiona pale kwenye kiungo.

Penseli iliyomo ni ya kawaida, ichonge iwe kali sana, maana ncha butu peke yake inakula nusu milimita. Pembetatu mbili za plastiki ni nzuri: ile ya nyuzi 60 nimeitumia kwenye kabari zote za shevroni, na pia kwenye alama ya Dunia, ile pembe iliyosimama yenye duara dogo juu, piramidi na jua lake. Rula ni ya sentimita 15, ndogo kwa pete ya nje ambako shevroni zangu zimeachana sentimita 41 kwenye nusukipenyo cha 60, hivyo hapo tumia utepe. Stenseli ya herufi sikuigusa.

Helix yenyewe ni kampuni ya Uingereza, ilianza 1887, na mkebe huu wa Oxford ulitoka 1935. Tangu 2012 iko chini ya Maped ya Ufaransa. Dada aliyeniuzia aliuliza ni wa mtoto wa darasa la ngapi. Nilimwambia ni wangu, wa kazi. Akaniongezea penseli.

Jambo moja la kukagua kabla hujakata. Geuza pete ya ndani hadi alama moja ikae katikati kabisa chini ya shevroni ya juu. Kati ya shevroni na shevroni kuna nyuzi 40, sawa na alama nne na theluthi. Kwa hiyo shevroni tatu tu, ya juu na mbili za pembeni chini, ndizo zitakuwa na alama katikati. Zile sita nyingine lazima ziangukie pembeni ya alama. Ukiona lango ambalo shevroni zote tisa zimelenga alama sawia, ujue lina alama 36.

Na hilo si lazima liwe kosa, kwa sababu malango ya galaksi ya Pegasus, yale ya tamthilia ya Atlantis iliyoanza 2004, yana alama 36 kweli. Kila alama inachukua nyuzi 10 kamili, kila shevroni inakaa juu ya alama ya nne, na pete yake haizunguki, taa ndizo zinazohama. Kama mkebe umeununua leo na hujawahi kugawa duara, anza na hilo la Pegasus, ila ufanye dogo, la nusukipenyo cha sentimita 15 hivi, na kipimapembe chako kitatosha. La alama 39 lifuate ukishaizoea bikari.