Nonprofit Explorer ya ProPublica: usiishie kwenye muhtasari

Kwa anayetaka kuijua hali ya kifedha ya asasi ndogo ya Marekani kabla ya kuichangia, tovuti hii ya chombo cha habari cha ProPublica ni pazuri pa kuanzia. Huduma ni bure. Ukiandika jina la asasi au namba yake ya kodi yenye tarakimu 9, unapata mapato, matumizi na ziada au nakisi ya kila mwaka, pamoja na Fomu 990 zenyewe, yaani taarifa ambazo asasi huwasilisha kila mwaka kwa mamlaka ya kodi ya Marekani.

Shida iko kwenye zile tarakimu za muhtasari. Chukua asasi inayotumia dola 180,000 kwa mwaka na kuchangisha 80,000. Ikaahidiwa ruzuku ya 300,000 kwa miaka 3. Kama huandika mapato pale inapoahidiwa, si pale fedha zinapoingia benki, ruzuku yote inahesabiwa mwaka wa kwanza. Utaona ziada ya 200,000, kisha nakisi ya 100,000 mara mbili. Mgeni atasema asasi inazama, kumbe iko palepale ilipoanzia.

Fungua fomu kamili, Sehemu ya X, yaani mizania (orodha ya mali na madeni). Mstari wa 27 ni mali halisi (mali baada ya kutoa madeni) ambayo asasi iko huru kuitumia. Wa 28 ni ile iliyofungwa na masharti ya wafadhili. Kwenye 27 toa thamani ya majengo na vifaa (mstari wa 10c), na kama jengo lina mkopo, rudishia deni hilo. Gawa kwa matumizi ya mwezi mmoja. Hiyo ndiyo miezi ambayo asasi itasimama bila kupokea hata senti. Ikiwa chini ya 3 mwaka hadi mwaka, mimi ningeuliza maswali.

Kuna kikwazo, ingawa si kosa la tovuti. Asasi yenye mapato ghafi chini ya 200,000 na mali chini ya 500,000 inaruhusiwa kujaza fomu fupi, 990-EZ, ambayo mstari wake wa 21 unazijumlisha pamoja mali halisi za aina zote mbili, huru na zilizofungwa. Asasi ya mfano wetu ingeweza kuhamia huko mwaka wa pili, wakati mchanganuo unapohitajika hasa! Zile za 50,000 kushuka huwasilisha taarifa fupi isiyo na hesabu. Hizo muombe mweka hazina mizania.

Tena habari huchelewa. Mwaka wa fedha ukiishia Desemba, fomu hudaiwa 15 Mei, na muda huweza kusogezwa hadi 15 Novemba. Kwa hiyo pengo la mwaka wa karibuni lisikushtue. Kutowasilisha miaka 3 mfululizo ni jambo jingine: msamaha wa kodi hufutika wenyewe.